Sahani Iliyompita Mwenyekiti

Haya niliyapata kwa Wilkista, mke wa mpwa wangu, wiki ile shule zilipofunguliwa Januari ya mwaka wa elfu mbili na sita. Alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba, na kazi ya kupukuchua haina raha kama mdomo umefungwa. Mengi aliyaona kwa macho yake, maana siku yenyewe yeye ndiye alikuwa jikoni. Mengine aliambiwa na Nabwile, na Nabwile si mtu wa kuongeza chumvi.

Nabwile aliolewa Matulo. Mumewe alifariki mwaka wa tisini na nane, ugonjwa wa kifua, wakamzika nyuma ya nyumba karibu na migomba. Siku ya tatu watu wakakusanyika kunyolewa nywele kama ilivyo desturi ya Wabukusu. Siku hiyo ya kunyolewa ndiyo mambo ya boma huwekwa wazi, nani alikuwa na nini na nani atakaa wapi, na haikosi kuku wa kuchinjwa kwa ajili ya wazee.

Sasa, kuku ana kipande kimoja ambacho kwetu hakipakuliwi ovyo. Ni kile kigumu cha tumboni kinachosaga chakula chake. Kwa vitabu wanakiita firigisi, sisi tunakiita imondo. Imondo ni ya mwenye boma. Akitaka kumheshimu mgeni atamkatia, lakini kwanza ifike kwa sahani yake, na mkono utakaokata uwe wake. Watoto hawaigusi. Na sisi wanawake wa zamani hata kuku mwenyewe hatukumla. Tulifuga, tukachinjiwa, tukapika, tukapata mvuke.

Wazee wakamwambia Nabwile ampelekee sahani shemeji yake Mukhisa, ndugu mdogo wa marehemu. Kichwa chake kilikuwa kimetoka kunyolewa, macho yamevimba, hajapata usingizi wa maana kwa siku tano. Akaibeba ile sahani, akapiga goti, akaiweka mbele ya Mukhisa. Yeye alidhani anampa mtu chakula.

Mwaka uliofuata Mukhisa akaanza kulima mpaka kwenye mlango wa jikoni. Nabwile akapeleka maneno kwa wazee. Aliyeongoza kikao alikuwa Mzee Eliakim, mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyenyooka kama mlingoti hata kwa umri ule, na ambaye hakupenda maneno mengi. Alimuuliza maswali mawili tu, akimwita mayi, yaani mama.

"Mayi, siku ya kunyolewa, imondo ilikaa kwa sahani ya nani?"

Akajibu ilikaa kwa sahani ya Mukhisa.

"Na nani aliibeba?"

Akasema ni yeye.

"Basi mwenye boma ulimtaja wewe mwenyewe. Aliyepakuliwa mbele ya watu ndiye."

Kikao kikaisha hapo. Wazee wakanywa chai, na chai hiyo Nabwile ndiye alikuwa ameipika. Baada ya miezi miwili akafunga vyombo vyake kwenye shuka, akaondoka. Mtoto wake Sifuna alikuwa ameshakuwa mtu mzima, yuko gereji huko Eldoret, kwa hivyo hakuwa na wa kumvuta nyuma.

Alishukia senta moja ndogo kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, mbele kidogo ya Kiminini. Senta yenyewe watu waliiita Mabomba kwa sababu ya mabomba makubwa ya maji yaliyoletwa na lori miaka mingi nyuma, yakaachwa kando ya barabara, na maji hayakuja. Akina mama waliyafanya viti. Mmoja akiuliza mwenzake anauza wapi, jibu ni bomba la tatu, bomba la tano. Nabwile akapata bomba la sita, akaanza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Bomba la saba lilikuwa la Wacera, mke wa Mathenge, muuzaji wa vitunguu na viazi. Wacera ni Mkikuyu. Wazazi wake walifika Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa, na Kibukusu chake kilikuwa kizuri, hasa cha kutukana. Wale wawili walizoeana kama vidole vya mkono mmoja. Mmoja akienda msalani mwingine anauza pande zote mbili.

Shida ilikuwa mvua. Upande ule ikifika saa nane mchana, mbingu inafunguka bila kubisha hodi. Vitunguu vinaweza kuvumilia. Omena ikinyeshewa imekwisha, inageuka uji wenye macho, na harufu yake inafukuza hata mtu aliyekuja kununua chumvi. Nabwile alimwaga omena mara nyingi kuliko alivyotaka kukumbuka. Mwishowe akawaambia wenzake, sisi ni wanawake kumi na wanane hapa, na hakuna hata mmoja asiyejua kubeba jiwe. Tunangoja nani?

Wakajenga. Mawe waliyatoa mtoni kwa vichwa vyao, kila jioni mawe mawili kila mmoja. Mathenge akawapa miti ya mikaratusi kutoka mpakani mwa shamba lake, na akaja mwenyewe kupigilia, kwa maana juu ya paa wanawake wa kwetu hawapandi. Mabati yalikuwa kumi na manane, kila mama alileta moja. Aliyenyima watoto sukari alinyima, aliyeuza bata aliuza. Kabla bati halijapanda juu, mwenyewe alichukua msumari akakwaruza jina lake upande wa chini, herufi kubwa kubwa za watu wasioandika kila siku, ili hata ukiketi chini ya kibanda uinue macho na uone: NABWILE, WACERA, ROSALINE, WILKISTA, mpaka la mwisho.

Muda huo wote Walubengo alikuwa akipita na pikipiki yake. Huyu Walubengo alikuwa na kinu cha kusaga mahindi pale senta, na alijulikana kama mwenyekiti. Mwenyekiti wa kamati, ingawa hakuna aliyekumbuka hiyo kamati ilichaguliwa lini wala wengine ndani yake ni akina nani. Akina mama wakibeba mawe, yeye anapiga honi tu kuwasalimu. Lakini paa lilipokamilika alikuja na futi ya fundi seremala, akapima kibanda kutoka kona mpaka kona, akachora mistari ya chaki chini. Kona ya barabarani aliandikia kinyozi, ndugu wa mke wake. Pale pa katikati, duka la soda. Akina mama wakauliza, na sisi? Akasema wasiwe na wasiwasi, kamati itaangalia, nafasi za nyuma ziko.

Nyuma kulikuwa na mtaro.

Akawaeleza pia kwamba Jumamosi kuna mgeni anakuja kutoka Kitale. Jina lake Makokha, afisa wa kuandikisha vikundi na mali ya vikundi. Atafungua kibanda, ataandika kwa karatasi za serikali kibanda ni cha nani, na karatasi hizo zikishaandikwa zimeandikwa. Kwa hivyo mapokezi yawe ya maana. Wali uwepo, nyama ya ng'ombe ya watu wote iwepo, na meza kuu ipikiwe jogoo.

"Imondo ije kwangu," akasema, akimtazama Wilkista kwa sababu upishi ni wake. "Mimi ndiye nitamkatia mgeni."

Wilkista akamuuliza, "Na sisi tutafanya nini?"

"Nyinyi mtaimba."

Alipowasha pikipiki na kwenda, wote wakaongea pamoja. Hiyo ilikuwa Alhamisi, Oktoba ya mwaka wa elfu mbili na tano, wakati wa kura ya maoni, nchi nzima imegawanyika kati ya ndizi ya ndiyo na chungwa la hapana, na hata pale kwenye mabomba watu walikuwa wameanza kununiana. Lakini siku hiyo ndizi na chungwa zilisahaulika.

Rosaline, muuza kandambili, alitaka amani. Alisema ni kanyama kadogo namna hii, bana, mpeni ale anyamaze. Wilkista akasema yeye anaweza kuikatakata iingie kwenye mchuzi, isijulikane iko wapi. Wacera akasema paka wake yuko tayari kusingiziwa. Wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa na nguvu, kwa sababu wote walikuwa wakitazama ile mistari ya chaki.

Nabwile hakucheka. Alikuwa anachambua omena, anatoa mchanga na samaki wengine wadogo walioingia kimakosa. Miaka sita walikuwa pamoja na hakuwahi kuwaambia alitokaje Matulo. Walijua ni mjane tu. Siku hiyo akawaambia, bila kuinua macho kutoka kwa ungo, kuanzia kunyolewa mpaka ile chai. Alipomaliza hakuna aliyesema tena kwamba ni kanyama kadogo.

"Isifichwe," akasema. "Isikatwe. Ikae juu ya sahani mahali kila mtu anaiona. Nitaibeba mimi."

Wacera akamuuliza ataipeleka wapi.

"Hapo sijafika. Lakini kwa Walubengo haitakaa. Nilikosea mara moja kwa kutojua. Nikikosea tena nikijua, mtaniita nani?"

Ijumaa Wacera alirudi kutoka kinuni na habari nyingine. Alikuwa amepeleka mahindi ya kusaga, akasikia Walubengo akijisifu kwamba mjomba wake mwenyewe atakuja kufungua sherehe kwa maombi, mzee anayeheshimika kutoka Matulo mpaka Webuye, anaitwa Eliakim.

Nabwile aliweka ungo chini. Akaikalia mikono yake. Wacera alidhani sasa rafiki yake atasema anaumwa, hatakuja Jumamosi, na hangemlaumu. Walikaa hivyo mpaka mteja akaja, akauziwa, akaenda.

"Ni huyo huyo?" Wacera akamuuliza.

"Ni huyo huyo."

"Basi itakuwaje?"

Nabwile akaokota ungo wake tena. Akasema ni vizuri. Alikuwa anajiuliza atawezaje kumweleza mgeni wa serikali habari ya Matulo, na sasa Matulo imepanda gari inakuja yenyewe.

Jumamosi watu walifika mapema. Kibanda kilipambwa kwa maua ya mbaazi na karatasi za choo za rangi ya waridi. Wanafunzi waliimba, mwalimu wao akaimba zaidi kuliko wao. Makokha alifika kwa gari la kuazimwa, mtu wa Bungoma, mfupi, mpole, ana jasho na briefkesi ya plastiki. Walubengo akamshika mkono kutoka gari mpaka kwa kiti na hakumwachilia mpaka alipoketi. Meza kuu ilikuwa na viti vitatu. Makokha katikati, Walubengo kulia, Mzee Eliakim kushoto, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Mzee aliomba. Aliombea mvua, mahindi, viongozi, wagonjwa, wasafiri na "mwenyeji wa mahali hapa", na Walubengo akaitika amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Makokha alisema maneno machache. Alisema kazi yake si ngumu, ataandika kibanda ni mali ya nani, kwa hivyo kabla hajaondoka angependa mwenyeji wake ajulikane. Walubengo akapiga kifua polepole, kama mtu asiyetaka kujisifu, akasema tule kwanza, mambo mengine yatafuata tumbo.

Huko nyuma, jikoni ilikuwa mawe matatu na turubai. Wilkista alitoa jogoo, akapanga mapande kwenye sahani kubwa, na katikati juu, peke yake, akaweka imondo. Nabwile alikuwa amefunga leso mpya. Akanyoosha mikono kuichukua, halafu kupitia tundu la turubai akamwona Mzee Eliakim akioshwa mikono, akiipangusa kidole kwa kidole, kama alivyofanya siku ile ya kikao Matulo. Akasimama. Wilkista alisema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika mlangoni akasahau amekuja kuchukua nini.

Wacera ndiye aliyeichukua ile sahani.

"Mama Sifuna," akamwambia, "anayebeba hawezi kula. Nenda ukae."

"Nikae wapi?"

"Pale mbele yao. Nani alisema tusingoje mtu? Ni wewe. Nenda."

Akamgeukia Rosaline, akamwambia achukue lile kreti la soda lililo tupu. Nabwile akatoka jikoni. Alitembea katikati ya watu akiwa na mikono mitupu, na Rosaline nyuma yake na kreti. Rosaline, yule aliyetaka amani, ndiye aliyelipindua kreti mbele ya meza kuu na kulipangusa kwa sketi yake. Nabwile akakaa. Kreti ni fupi, kwa hivyo kidevu chake kilikuwa karibu kulingana na meza, lakini mgongo aliunyoosha.

Walubengo alimwinamia akamwambia kwa upole wa kujionyesha kwamba hapa ni meza ya wageni. Kabla hajajibiwa, akina mama wakatoka. Wacera mbele na sahani, wengine nyuma yake mmoja mmoja, wote. Wimbo wa kukaribisha hawakuuimba. Ilisikika miguu yao tu. Walubengo aliona imondo ikija, akasogeza sahani yake, akafungua kifungo cha mkono wa shati.

Sahani ikafika kwake, ikampita.

Wacera akapiga goti mbele ya lile kreti, akaiweka sahani pale ukingoni mwa meza, mbele ya Nabwile. "Karibu, mwenye nyumba," akasema. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kibukusu, kisha kwa Kikuyu, asije mtu akasema hakusikia.

Walubengo ndiye aliyeanza kucheka. Akamwambia mgeni kwamba hawa mama zetu ni watu wa mzaha, usiwaone hivi. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akamgeukia Wacera, akasema ati mtu wa kutoka huko Nyeri, desturi zetu amezijulia wapi.

"Mimi sijazaliwa Nyeri," Wacera akamjibu, bado amepiga goti. "Na kuku wetu kwani hawana imondo?"

Hapo watu wakacheka, na si kwa upande wa Walubengo. Naye akafanya kosa ambalo Wilkista alisema hata yeye alimwonea huruma. Aliinuka nusu, akanyoosha mkono juu ya meza, na vidole vyake vikaingia kwenye mchuzi kuichukua imondo mwenyewe.

Nabwile akaifunika kwa kiganja. Mchuzi ulikuwa wa moto lakini hakuondoa mkono. Wala hakumtazama Walubengo. Alikuwa anamtazama yule mzee.

"Mzee Eliakim. Unanikumbuka?"

Mzee akakunja macho. Akamtazama, na ikaonekana amemkumbuka. "Wewe ni wa Matulo," akasema. "Mke wa marehemu, ndugu yake Mukhisa."

"Ndiye mimi. Uliniuliza maswali mawili. Leo nakuuliza wewe hayo hayo, hapa mbele ya watu. Imondo iko kwa sahani ya nani?"

Walubengo akasema kwa haraka, "Mjomba, usimjibu huyu."

Lakini alikuwa amesema vibaya. Mzee yule hakuwa amezoea kuambiwa asijibu. Akaweka mikono yake safi juu ya meza.

"Iko kwa sahani yako, mayi."

"Na nani ameibeba?"

"Mama huyu. Na wenzake."

"Na aliyepakuliwa mbele ya watu, ulisema ni nani?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mzee angeweza kusema ile ilikuwa matanga na hii ni sherehe. Angeweza kusema mwanamke ni kitu kingine. Watu wa aina yake wana milango mingi ya nyuma. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wakimtazama, na maneno yalikuwa yake mwenyewe, na kwa miaka yote alikuwa ameyatumia kwa wengine bila kuyabadilisha.

"Nilisema ndiye mwenye boma," akasema. Halafu, bila kugeuza kichwa: "Walubengo, rudisha mkono. Tangu lini mwenye boma akajipakulia?"

Walubengo akarudisha mkono. Hakuwa na kitambaa, akaupangusa kwa kitambaa cha meza.

Nabwile aliomba kisu. Akaikata imondo vipande viwili juu ya sahani yake, bila haraka, na kipande kikubwa akakiweka kwenye sahani ya mgeni. Akamwambia karibu kwetu. Makokha alikitazama kile kipande. Alikuwa mtu wa Bungoma, hakuhitaji kutafsiriwa. Alijua kwamba akikila amejibu swali lake mwenyewe, na asipokila amejibu pia. Akamtazama Walubengo, akamtazama mzee. Halafu akakitia mdomoni, akatafuna, na huku akitafuna akafungua briefkesi.

Nabwile akala chake. Kwa miaka yake hamsini na mitatu alikuwa amepika imondo nyingi, na hajawahi kuonja hata moja. Baadaye wenzake walipomuuliza ikoje, alisema ni ngumu kidogo, kama mtu atafunaye kandambili ya Rosaline, lakini inamezeka.

Makokha akauliza jina la kikundi. Wakatazamana. Hawakuwa wamefikiria jina, walifikiria mawe na mabati. Walubengo akaona ufa, akasema unaona, hata jina hawana, hiki si kikundi, ni wanawake tu wamekusanyika. Nabwile akainua kidole, akaonyesha juu.

"Andika hao," akasema.

Mgeni akapinda shingo nyuma, kofia ikaanguka. Akaanza kusoma. Kila jina alilosoma, mwenyewe aliitika pale alipo, na mwingine akaongeza lake bati limepatikanaje. Yupo aliyesema lile ni bata wangu. Yupo aliyesema lile ni vitumbua vya mwaka mzima. Majina mengine yalikuwa yameandikwa nyuma mbele, na wenyewe wakamsaidia kuyanyoosha. Aliandika yote kumi na manane, akampa Nabwile kalamu atie sahihi. Akatia, polepole, maana hakuzoea.

Walubengo hakungoja soda. Alisimama akawaambia wasifurahi sana, karatasi ni karatasi na senta ni senta. Jumatatu asubuhi atakuja na vijana wake, na kinyozi atakaa kona aliyopimiwa.

"Jumatatu utatukuta," Nabwile akamwambia. "Jumanne pia. Na kinyozi akija mwambie aje na bati lake, tutamwonyesha mahali pa kupigilia."

Pikipiki iliondoka ikitoa moshi. Akina mama hawakuingoja Jumatatu. Meza kuu ilikuwa haijaondolewa bado wakati Nabwile alipoenda bomba la sita, akachukua magunia yake, akayatandika kwenye kona ya barabarani, juu kabisa ya mistari ya chaki. Wacera akamwaga viazi karibu naye. Rosaline akaning'iniza kandambili kwenye mti wa Mathenge. Kufikia saa saba na nusu kila mmoja alikuwa ameshika mahali pake, na chaki ilikuwa imefutika kwa miguu. Wageni waliokuja kula wakajikuta wananunua.

Saa nane mvua ikaja kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekimbia. Mgeni alikuwa ameshaondoka na gari lake, lakini Mzee Eliakim alikuwa anangoja gari la kwenda Webuye, na mvua ile ikamfungia pale. Alikuja akaketi kwenye lile kreti karibu na omena. Halafu mzee akamuuliza Nabwile kama ana neno la kupelekewa Mukhisa.

Nabwile akasema neno analo, na atalipeleka mwenyewe, Desemba, mahindi yakishavunwa. Mzee akakohoa. Akasema, si kwa ubaya, kwamba mambo ya Matulo yalishaamuliwa, na kwa maneno yale yale aliyoyakubali leo.

"Nayajua hayo maneno," Nabwile akasema. "Nitakuja kuwauliza lingine. Mtu aliyelia siku tano, aliyenyolewa asubuhi hiyo, ambaye hakuna aliyemwambia anabeba nini. Huyo mlisema ametaja. Mlimuuliza lini anamtaja nani?"

Mzee alitazama maji yakishuka kutoka pembeni mwa mabati. Akasema, "Uje. Nitakuwepo." Hakuahidi zaidi ya hapo, na Nabwile hakumwomba zaidi. Ya Jumatatu na ya Desemba Wilkista aliyaweka kwa siku nyingine ya kupukuchua.

Sauti ya mvua juu ya bati, na tumbo lililoshiba wali, vinamshinda mtu yeyote. Wa kwanza kusinzia alikuwa mzee, amekaa wima, mikono juu ya fimbo. Rosaline akalala juu ya meza yake kati ya kandambili. Wilkista alikuwa ameamka tangu alfajiri kwa ajili ya masufuria, na alilala hata kiatu kimoja hajavua. Wengine wakamfuata, huku mtu na huku mtu, kibanda kizima. Wacera alijitahidi. Alisema ni lazima mmoja akeshe viazi visiibiwe, akasema tena, na mara ya tatu hakumaliza.

Nabwile akabaki peke yake macho. Mkono ulikuwa unauma pale mchuzi ulipomchoma, akaupuliza. Lori lilipita likirusha maji, nayo hayakufika kwenye omena. Akasogeza ungo ndani kidogo hata hivyo. Akavua leso mpya, akamfunika Wacera mabega, akajiegemeza kwa gunia, miguu ameinyoosha mpaka barabarani kabisa, mahali ambapo kinyozi alitaka kuweka kiti. Akafumba jicho moja. Kisha na la pili.